Msanii Asiyechoka ni Mali ya Nani?

KUNA ubishi unaosikika siku hizi kila vijana wanapokusanyika, na hivi karibuni niliukuta hata Ganako, wilayani Karatu, kwenye miteremko ya nyanda za juu za Ngorongoro. Vijana wanne walikuwa wameinamia simu moja wakimtazama binti mwenye nywele za rangi ya feruzi akiimba mbele ya umati mkubwa wa Wajapani. Binti huyo hakuzaliwa na mama. Jina lake ni Hatsune Miku. Alitolewa na kampuni ya Crypton Future Media ya Sapporo tarehe 31 Agosti, 2007, akiwa programu ya kompyuta ya kuimbia, na kwa mujibu wa waliomtengeneza ana umri wa miaka 16, leo, kesho na daima.

Nilipowauliza wanampendea nini, mmoja alinijibu bila kusita: "Kaka, huyu halewi, hachelewi jukwaani, hazeeki, wala hadai nyongeza." Wenzake walicheka wakimuunga mkono. Mimi sikucheka. Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi, lakini yakisemwa na waajiri wanapoeleza aina ya mfanyakazi wanayemtamani.

Tusidanganyane kwamba mvuto wa wasanii vivuli ni mdogo. Tarehe 27 Mei, 2022, ulifunguliwa mjini London ukumbi uliojengwa maalumu ili watu wawatazame waimbaji wanne wa kundi la ABBA la Sweden, ambao wenyewe wamekwisha kupita miaka 70, wakicheza katika sura zao za ujana. Watu wanalipa, wanaimba, wanatoka wakifuta machozi. Anayesema kwamba umati huo wote ni wa wajinga amekwepa hoja, hakuijibu.

Lakini hebu tufunue pazia tutazame nyuma yake. Sauti ya Miku ilikatwa vipande vipande kutoka katika kinywa cha mwigizaji wa kike aitwaye Saki Fujita. Nyimbo zake nyingi hazikutungwa na kampuni, zimetungwa na maelfu ya watu wa kawaida, kila mmoja akiwa chumbani mwake na kompyuta yake. Nako London, vivuli vya ABBA vinapigiwa muziki na bendi ya watu kumi walio hai, wanaotoka jasho kila usiku. Basi kile kinachowavuta watu ni kazi ya binadamu. Kivuli ni vazi tu lililovishwa juu ya kazi hiyo, na aliyelishona vazi ndiye anayekusanya viingilio.

Hapo ndipo penye swali ambalo vijana wangu wa Ganako hawakuliuliza: msanii asiyechoka ni mali ya nani? Mwaka 2018 mtu mmoja huko Japani alifanya sherehe ya kumwoa Miku, aliyekuwa akizungumza naye kupitia chombo cha mwanga kiitwacho Gatebox. Mwaka 2020 huduma hiyo ilisitishwa, na mazungumzo ya nyumba ile yakakoma. Sitaki kumcheka mtu yule, kwa kuwa upweke si jambo la kuchekwa. Nataka tuone tu kwamba mapenzi yake yalikuwa na swichi, na swichi haikuwa mkononi mwake.

Wapo watakaosema kwamba binadamu ana kasoro nyingi mno. Ni kweli, wanamuziki wetu wamechelewa, wamelewa na wamegombana. Lakini msanii mwenye mwili ana pa kushikwa. Akitudanganya tunamsusia, na akisema kweli iliyo chungu tunaweza kusimama naye. Remmy Ongala alipoimba "Mambo kwa Soksi" ili watu wajikinge na UKIMWI kwa kondomu, redio ya taifa ilikataa kuupiga wimbo huo, lakini watu waliendelea kuusikia kumbini kutoka kinywani mwake. Ni kampuni ipi itakayomruhusu mwanasesere wake ahatarishe mauzo kwa ajili ya uhai wa wasikilizaji?

Wala tusidhani kwamba jambo hili liko mbali nasi. Tulianza kulizoea zamani, tulipokubali kulipa kiingilio ili kumwona kijana akifungua na kufumba mdomo huku santuri ikimwimbia. Leo kompyuta inatunga wimbo mzima kwa dakika chache. Mwaka 2012 mfano wa Tupac Shakur ulisimamishwa jukwaani huko California, miaka 16 baada ya yeye kuuawa. Ni nini kitakachozuia kesho wafanyabiashara wasimfufue kwa namna hiyo Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari huko Mombasa mwaka 1979? Au Marijani Rajabu, aliyefariki mwaka 1995 baada ya kuishia kuuza kaseti Kariakoo? Mtu ambaye sauti yake haikumtajirisha alipokuwa hai atafanyizwa kazi kaburini, bila mshahara na bila likizo. Huo ni unyonyaji, hata ukivikwa taa za rangi elfu.

Wazee wa Kiiraqw wa huko huko Karatu wanalo jibu, nao walikuwa nalo kabla ya umeme kufika. Watu wanapokuwa wamekusanyika, mzee husimama na kutoa slufay, maneno ya sala na ushairi ya kuombea mvua, amani na uzazi, na kufukuza maovu. Mzee hasemi peke yake. Kila anapotamka, watu huitikia kwa pamoja, na kuitikia huko ndiko kunakoikamilisha slufay. Waondoe waitikiaji, mzee atabaki akizungumza na upepo. Kivuli cha jukwaani kinaimba sawasawa, ukumbi ukijaa au ukiwa mtupu. Hakikusikii. Wewe ndiwe unayejiitikia mwenyewe.

Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, hofu ilikuwa kwamba tutacheza ngoma za wengine na kuzisahau zetu. Hofu ya leo ni kwamba hatutacheza kabisa, tutatazama. Kwa hiyo sheria yetu ya hakimiliki na itamke waziwazi kwamba sauti na sura ya msanii, aliye hai au aliyekufa, haviigizwi na mashine bila mkataba na bila malipo kwake au kwa warithi wake. Redio na zitaje wimbo uliotungwa na kompyuta kwamba umetungwa na kompyuta. Na hoteli za Karatu, zinazopokea wageni kutoka kila pembe ya dunia, ziwalipe wacheza ngoma wa vijiji vya jirani malipo ya kazi, si ya huruma.

Nawe kijana wa Ganako, siku mzee wa kijijini kwako atakaposimama kutoa slufay, weka simu mfukoni uitikie. Mzee huyo atachoka, na siku moja atakufa. Ndiyo sababu inakupasa kujifunza maneno yake sasa, ili watakapokusanyika tena pawepo mtu wa kusimama.