Kompyuta Si Kuchora Mausi

Wasee, nani hapa alifundishwa kompyuta kwa kuchora mausi kwenye daftari? Inueni mikono. Mimi nilichora, nikaweka na waya wake, nikapata 10 kwa 10.

Maabara yetu ilikuwa na kufuli kubwa kuliko ya stoo ya chakula. Sisi nje tunakariri vizazi vya kompyuta: cha kwanza valvu, cha pili transista... hadi leo nitakutajia usingizini. Mtihani ukiuliza chati ya hatua za programu, tunakariri maumbo. Almasi ni uamuzi. Uamuzi gani? Shauri yako. Mradi wa KCSE ulipofika, kuna wenzangu walilipa msee wa saiba awaandikie. Siwalaumu sana. Mimi nilipojaribu kuandika programu peke yangu, mistari mitatu tu nikakwama. Hakuna aliyenifunza kuvunja shida kubwa iwe vipande vidogo.

Na ukilalamika unaambiwa tungoje vifaa. 2013 tuliahidiwa laptopu. 2016 tableti zikaanza kufika shule za msingi. Poa, zije. Lakini kufikiri kikompyuta hakungoji stima, na mwalimu mwenye chaki anaweza kuanza kesho asubuhi.

Hebu ona. Leta orodha ya majina 1,000 yaliyopangwa kwa alfabeti. Mtafute Wanjiru. Mwanafunzi mmoja aanze juu, jina kwa jina. Mwingine afungue katikati, aulize: Wanjiru yuko kabla ya hapa au baada? Nusu moja anaitupa, anarudia. Hatazidi hatua 10. Waache wabishane kwa nini. Kisha changanya majina yote ovyo, uulize kama hiyo mbinu bado inafanya kazi. Manze, hapo darasa halilali!

Ama chukua M-Pesa, kitu kila mtoto ameona mamake akitumia. Namba, kiasi, PIN. Sawa, na namba ikikosewa? Salio lisipotosha? Mtandao ukipotea baada ya PIN, utajuaje kama pesa imeenda? Waandike hatua zote, wenzao wazitafute makosa. Hiyo ndiyo almasi yenu sasa, na ina maana.

Mtasema nimepitwa na wakati, siku hizi kuna mtaala mpya, na coding ilipitishwa 2022. Sawa. Mdogo wangu yuko Gredi ya 7. Juzi nikafungua daftari lake.

Amechora mausi. Bado iko na waya.