STAA, ACHA KUWAUZIA WATU WA MAGOMENI 'PLASMA' KWA JINA LA LED!

Kuna klipu inatembea sana kwenye simu za watu wa Mtwara msimu huu. Staa mmoja wa Bongo, jina kapuni, yule aliyekuwa anauza mawigi na sasa kahamia kwenye vyombo vya ndani, kasimama mbele ya TV ya inchi 50, kapendeza kweli, halafu anatiririka: "Wana Mtwara, korosho zimelipa, acheni kuangalia TV za watoto! Plasma LED inchi 50, laki tatu na nusu tu, mzigo wa Dubai, picha kama uko uwanjani!" Mashabiki wakajaa kopakopa kwenye komenti, oda zikaanza kumiminika.

"Plasma LED." Hapo ndo pa kuanzia, maana hicho kitu hakipo. Hakijawahi kutengenezwa. Ni sawa na mtu akuuzie bodaboda inayotumia mkaa.

Plasma ni plasma. Ndani ya kioo chake kuna vijumba vidogo mamilioni vyenye gesi. Umeme ukipita, gesi inawasha unga wa rangi uliopakwa humo, na kila nukta inatoa mwanga wake yenyewe. LCD ni kitu kingine kabisa, kioo chake hakiwaki. Nyuma yake kuna taa, na kazi ya kioo ni kuziba na kuachia huo mwanga. Zamani hizo taa zilikuwa tyubu nyembamba kama za dukani, siku hizi ni vitaa vya LED. Kwa hiyo TV inayoitwa LED pale dukani ni LCD iliyobadilishiwa taa, basi. Mtu akikwambia "plasma LED", ama hajui anachouza ama anajua sana.

Na kosa si lake peke yake, tuseme ukweli. Huku mtaani TV yoyote isiyo na chogo tuliiita plasma. Jamaa kanunua LCD ya inchi 32, anakwambia "nimevuta plasma". Jina likageuka sifa, wajanja wakaona mwanya.

Sasa twende Magomeni, Mtwara hapahapa, maana kuna watu wa Dar wakisikia Magomeni wanadhani Mapipa. Kuna kijana mmoja wa bodaboda aliona ile klipu. Mama yake alikuwa kapokea malipo ya korosho za shamba la ukweni, akamwambia mwanawe atafute TV ya maana, wajukuu waache kwenda kuchungulia kwa jirani. Kijana akatuma hela. Mzigo ukaja kwa basi, ukashushwa na watu wawili wanahema. Hapo tu alitakiwa ashtuke! LED ya inchi 50 kijana mmoja anaibeba, tatizo lake ni upana tu. Plasma ina kioo kizito na vyuma vya kutosha, kilo 30 kwa inchi 50 ni jambo la kawaida.

Wakaiwasha. Picha ikaja, na kiukweli ilikuwa nzuri. Usiku wa kwanza sebule ilijaa kama kibanda umiza. Siku ya tatu bi mkubwa akapitisha mkono nyuma ya TV, akaurudisha haraka.

"Mwanangu, hii TV au pasi?"

"Mama, ndo zilivyo hizi kubwa, zinachemka kidogo."

"Haya baba. Na umeme wa elfu tano wa juzi umekwenda wapi?"

Huyo mama kapiga penyewe. Nyumba yake iko kwenye tarifu ya matumizi madogo, ile D1. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, uniti 75 za kwanza za mwezi zinauzwa shilingi 100 kila moja kabla ya makato, na ukivuka hapo kila uniti inaruka hadi 350. Watu wa Magomeni wengi wanaishi kwa kuhesabu hizo 75. (Gesi inatoka Mnazi Bay, kule Msimbati, lakini LUKU ya Magomeni inasoma bei ileile ya Sinza. Hiyo ni mada ya siku nyingine.)

Piga hesabu. Plasma ya inchi 50 nyuma imeandikwa wati 300, 400, nyingine zaidi. Haili zote muda wote, picha ikiwa ya giza inapungua, ikiwa nyeupe inapanda. Chukulia wastani wa wati 250. Ukiangalia saa sita kwa siku ni uniti moja na nusu, kwa mwezi uniti 45. TV peke yake! Zinabaki 30 za friji, feni, taa, pasi na chaja za simu za nyumba nzima. Sasa chukua LED ya inchi 43, ambayo wati 80 zinaitosha. Saa zilezile sita, mwezi unaisha na uniti 14 na kidogo. Umeme wa elfu tano uliokuwa ukifika wiki tatu kwa yule mama haukumaliza siku kumi na mbili. Nafuu ya bei aliyoambiwa kaipata, ila ataendelea kuilipia kila akinunua LUKU.

Timu plasma wana hoja zao, na ziheshimiwe. Plasma ilikuwa na weusi wa kweli, maana nukta ikizimwa imezimwa, wakati LCD ya bei rahisi nyeusi yake ni kijivu, hasa ukizima taa. Mpira ukipigwa shuti kali, plasma haiachi mkia. Ukikaa pembeni kabisa kwenye mkeka bado rangi ni zilezile, tofauti na LCD nyingi ambazo aliyekaa pembeni anaona sura zimefifia. Hata leo kuna watu majuu wanatunza Kuro za Pioneer kama mboni ya jicho. Yote hayo kweli.

Lakini hao wanaangalia kwenye vyumba vya giza, mapazia mazito, kiyoyozi. Sebule ya Magomeni saa tisa mchana mlango uko wazi, dirisha wazi, bati linachoma, jua linaingia hadi kwenye kochi. Kioo cha plasma kinang'aa kama cha kinyozi, na mwanga wake wenyewe si mkali, unajikuta unaangalia Simba na Yanga huku unajiona sura yako. LCD ndo inayostahimili mwanga wa mchana. Na joto juu ya joto la Mtwara nani analitaka?

Kuna kingine ambacho staa hakukisema. Panasonic walifunga kutengeneza plasma mwishoni mwa 2013. Samsung na LG wakafuata 2014. Kwa hiyo plasma yoyote unayouziwa leo ina zaidi ya miaka kumi, na hujui ilikuwa wapi. Hotelini? Uwanja wa ndege inaonesha ratiba? Plasma ikionesha kitu kimoja muda mrefu, kile kitu kinajichora kwenye kioo na hakitoki. Ya yule kijana, ukiweka picha nyeupe, juu kushoto kuna kivuli cha nembo ya stesheni ambayo hakuna mtu Mtwara anaijua. Wajukuu wameshaizoea, wanaiita jini.

Na ikifa? LED ikipoteza picha sauti ikabaki, fundi wengi wanaujua huo ugonjwa, wanafungua wanabadilisha vipande vya taa za nyuma, siku mbili unarudi kwenye tamthilia. Plasma ikifa unatafuta bodi ambayo kiwanda kiliacha kuitengeneza zamani, ama unasubiri nyingine ife uichinje. Kioo kikigonga njiani ndo basi tena.

Tena zile za inchi 42 nyingi zina nukta 1024 kwa 768 tu. Simu iliyorekodi ile klipu ina nukta nyingi kuliko hizo. Mnaambiwa picha ya uwanjani.

Watetezi wake wanasema eti "maskini naye ana haki ya TV kubwa". Ana haki, nani kakataa? Angeandika "plasma, used, ya zamani, inakula umeme", kila mtu angeamua mwenyewe. Mwenye kibanda umiza, ambaye anaziba madirisha na kukusanya kiingilio, pengine angeichukua na ingemlipa. Kinachokera ni kuchukua neno LED, ambalo watu wanajua maana yake ni umeme kidogo, na kulibandika kwenye kitu kinachokula mara tatu, halafu kulipeleka kwa watu wanaohesabu uniti, wiki ileile walipolipwa korosho. Huyo dada ana wafuasi wanaomwamini. Wigi likizingua unalivua, hii inakaa sebuleni na LUKU inasoma.

Kwa anayenunua mtumba, kuangalia ni dakika moja. Igeuze, soma kibandiko cha nyuma: wati ngapi, mwaka gani. Gonga kioo taratibu kwa ukucha, plasma ni kigae kigumu cha kioo, LCD nyingi mbele ni laini, ukigusa panatikisika kidogo. Iache iwake nusu saa, weka mkono. Na anayekataa TV igeuzwe, muache nayo.

Yule kijana alimwandikia staa inboksi mara tatu. Mara ya kwanza akajibiwa na msaidizi kwamba mzigo ukishatoka haurudi. Mara ya pili ilisomwa tu. Mara ya tatu akakuta kablokiwa. Ile posti bado ipo, ila imeguswa: neno "LED" limefutwa, sasa imeandikwa "plasma ya kisasa", na bei imepanda elfu thelathini.