Ipi Ilikuwa Njozi?

Husemwa, na mara nyingi na watu wenye shahada, kwamba riwaya za njozi ni kimbilio la vijana waliochoka na maisha. Hoja hiyo imenifuata hadi hapa Kibaigwa, na hapa ndipo ninapotaka kuizika.

Katika wilaya hii hii ya Kongwa, mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza Mpango wa Karanga. Ekari zaidi ya milioni 3 zilichorwa kwenye ramani za Afrika Mashariki na Kati. Mvua ikawa haba, udongo ukakauka ukawa mgumu kama saruji, mizizi ya vichaka ikavunja mitambo. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, ukiwa umemeza takribani pauni milioni 36. Mwaka huo huo Shaaban Robert alichapisha Kusadikika, kisa cha nchi inayoning'inia angani. Nauliza: kati ya maandishi hayo mawili, ipi ilikuwa njozi?

Kusadikika haina ardhi, lakini ina baraza, wivu na gereza. Wajumbe sita wanatumwa kila upande kutafuta manufaa ya nchi. Wanarudi nayo, na ujira wao ni kifungo. Karama anapopendekeza elimu ya sheria, Waziri Majivuno anamshtaki. (Mwisho wake ni wa heri kupita ninavyopenda, lakini hilo ni suala la ladha.) Msomaji anaiamini nchi hiyo kwa sababu kila jema ndani yake lina gharama, na yuko anayeilipa.

Ndivyo wanafunzi wangu wanavyosoma. Wape joka lirukalo, watauliza linakula mifugo ya nani. Mtoto wa mkulima aliyeona gunia la lumbesa likishindiliwa hadi kuvimba, kisha likalipwa kama gunia moja, hawezi kuvumilia ufalme wa kubuni usio na mizani wala dalali. Anayetaka njozi yenye vumbi, njaa na rushwa hakimbii maisha. Anadai yaingizwe hadi huko angani.

Wanaokimbia ni wengine. Ndugu zangu wa ofisi za mipango, someni tena taarifa zenu: mvua hainyeshi kwa kuchelewa, karani haombi kitu kidogo, hakuna mwanakijiji anayekataa. Ningepewa kuwaandalia maafisa wapya masomo, wiki ya kwanza wangesoma Mpango wa Karanga na Kusadikika, kwa pamoja, wakiwa wamekaa Kongwa.