Fedha za Kijiji Zikipungua

Fedha za mashine ya kusaga zikipungua, neno la kwanza kusikika kijijini ni "mwizi". Mweka hazina hajaulizwa. Daftari halijafunguliwa. Lakini watu wamekwisha kuhukumu, na watoto wake wanazomewa njia nzima ya kwenda shule. Mimi nasema desturi hiyo ni mbaya. Inamwumiza mtu ambaye pengine hana kosa, na mara nyingi inamwacha mwizi wa kweli na funguo mkononi.

Wako watakaoniuliza: "Kwa nini utufundishe kujitetea katika kesi za wizi? Unataka wezi waponyoke?" Hapana. Leo umemchagua jirani yako kutunza fedha, kesho utachaguliwa wewe. Tena Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshitakiwa kutendewa kama mwenye hatia mpaka ithibitike kwamba anayo hatia. Haki hizi ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, nazo ni zako na za jirani yako pia.

Mtu aliyeaminiwa kutunza fedha za wengine, kisha akazichukua, huweza kushitakiwa kwa wizi chini ya Kanuni ya Adhabu. Kwa watumishi wa umma iko pia Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, yenye kosa la ubadhirifu. Kesi za namna hiyo huchunguzwa na TAKUKURU.

Kazi ya kuthibitisha ni ya upande wa mashitaka. Waonyeshe kwamba fedha zilikuwepo. Waonyeshe kwamba mshitakiwa ndiye aliyezipokea, na kwamba alizichukua kwa udanganyifu. Kumshuku mtu, hata kama watu wote kijijini wanamshuku, hakutoshi kumtia hatiani.

Tuchukue mfano. Stakabadhi za mashine ya kusaga zinaonyesha kwamba shilingi 840,000 zilikusanywa. Benki ziko 610,000. Zimepungua 230,000. Watu wanapiga kelele. Sasa fungua jalada. Iko hati ya malipo ya dizeli, shilingi 90,000. Iko nyingine ya mshahara wa fundi, shilingi 60,000. Zimebaki 80,000 zisizo na maelezo. Je, nani alikuwa na funguo za sanduku? Kama ni mweka hazina na katibu, hakimu atataka kujua kwa nini ameletwa mmoja tu. Upungufu peke yake hausemi ni mkono wa nani uliochukua. Lakini kama hati zile hazikuandikwa, au zimeliwa na mchwa, mweka hazina atasimama mahakamani na maneno matupu.

Kwa hiyo mweka hazina asikubali kupokea sanduku bila kuhesabu mbele ya mashahidi na kuandika. Siku anapotoka madarakani afanye vivyo hivyo, na abaki na nakala nyumbani kwake.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye jambo moja, maana limewaponza wengi. Mtu husema: "Sikuiba, nilikopa. Mtoto aliugua, nikachukua, nikavuna nikarudisha." Moyo unamwonea huruma. Lakini Kanuni ya Adhabu inasema wazi kuhusu fedha: anayezichukua kwa udanganyifu azitumie apendavyo ameiba, hata kama alikusudia kuzilipa baadaye. Kurudisha kunaweza kumfanya hakimu apunguze adhabu. Hakufuti kosa. Ukipata shida, iambie kamati kabla hujagusa sanduku, na uamuzi wao uandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Hapo ni tofauti kabisa. Mtu aliyechukua fedha akiamini kwa nia njema kwamba ana haki nazo, kwa mfano posho ambayo kamati ilimpitishia, ana utetezi wa kweli. Kumbukumbu za mkutano ndizo zitakazomsemea.

Na polisi je? Ukihojiwa, una haki ya kuambiwa kwamba hulazimiki kusema neno, na kwamba utakalosema laweza kutumika mahakamani. Maelezo yako yataandikwa. Zamani wengi wetu tuliweka kidole gumba juu ya karatasi tusiyoijua. Wewe sasa unasoma. Soma kila mstari kabla ya kutia sahihi, hata kama unaharakishwa, na lisilo lako sema lisahihishwe. Maelezo ya kukiri yaliyotolewa kwa kupigwa au kutishwa, mwambie hakimu mapema, pale yanapotaka kupokelewa kama kielelezo.

Mahakamani mashahidi wa mashitaka huanza. Una haki ya kumwuliza kila mmoja maswali. Watu wengi hapa hukosea: badala ya kuuliza, wanaanza kugombana na shahidi. Wewe uliza maswali mafupi. "Ulihesabu fedha hizo lini?" "Nani mwingine alikuwepo?" "Sahihi hii ni yangu?" Mashahidi wao wakiisha, mahakama huamua kama iko kesi ya kujibu. Ikiwa haipo, unaachiwa. Ikiwa ipo, unaweza kujitetea kwa kiapo na kuita mashahidi wako. Unaweza pia kunyamaza, ila kwa kesi ya hesabu mimi sioni faida ya kunyamaza kama hati zako ziko sawa.

Wakili hugharimu fedha nyingi. Iko Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 kwa wasio na uwezo, na wako wasaidizi wa kisheria walioandikishwa chini ya sheria hiyo. Uliza katika ofisi ya wilaya.

Ukitiwa hatiani na usiridhike, angalia tarehe. Kutoka Mahakama ya Mwanzo, rufaa hupelekwa Mahakama ya Wilaya katika siku 30. Kutoka Mahakama ya Wilaya kwenda Mahakama Kuu, taarifa ya kukusudia kukata rufaa hutolewa katika siku 10, na rufaa yenyewe katika siku 45. Siku za kungojea nakala ya mwenendo wa kesi na hukumu hazihesabiwi katika hizo 45, basi omba nakala hiyo siku ile ile, kwa barua, na ubaki na nakala ya barua.