Nyumba za mapumziko vijijini England: Kodi yapanda, wenyeji bado wasaka makazi

Anayefika katika vijiji vya pwani ya Cornwall, kusini magharibi mwa England, ataona kando ya milango mingi visanduku vidogo vinavyofunguliwa kwa tarakimu za siri. Ndani mna funguo. Mgeni huingia, hukaa juma moja, kisha huondoka pasipo kuonana na mwenye nyumba. Kuta za mawe, meko ya kuni na ukimya ndivyo alivyovilipia.

Ukimya huo una gharama yake. Nyingi ya nyumba hizo zilikuwa makazi ya wavuvi, wachimba bati na vibarua wa mashamba. Leo wapishi, wauguzi na wafua mashuka wanaouhudumia msimu wa utalii mara nyingi hawamudu kupanga hata chumba katika vijiji hivyo.

Kura za wenyeji

Mwaka 2016, zaidi ya asilimia 80 ya waliopiga kura mjini St Ives, Cornwall, waliunga mkono mpango wa kuzuia nyumba mpya zisigeuzwe makazi ya pili ya matajiri wa mbali. Mwaka 2022, mji wa Whitby katika North Yorkshire ulipiga kura kama hiyo, na zaidi ya asilimia 90 wakaafiki, ingawa kura yao haikuwa na nguvu ya kisheria.

Hata hivyo, kura zote mbili zilihusu nyumba mpya. Nyumba kongwe za mawe, ambazo ndizo watalii wanazozitafuta, hazikuguswa.

Kodi mbili, ukuta mmoja

Tangu tarehe 1 Aprili 2025, halmashauri za England zinaruhusiwa kuwatoza wenye makazi ya pili kodi ya halmashauri maradufu. Cornwall na North Yorkshire ni miongoni mwa zilizoitumia ruhusa hiyo. Mwezi huohuo, serikali ilifuta unafuu wa kodi ya mapato uliowapa wakodishaji wa nyumba za mapumziko nafasi bora kuliko wenye nyumba wa kawaida.

Lakini mwanya mmoja umebaki. Nyumba inayotangazwa kukodishwa kwa siku 140 kwa mwaka, na kukodishwa kweli kwa siku 70, huhesabiwa kuwa biashara, nayo hutoka katika kodi ya halmashauri. Iwapo makadirio rasmi ya pango lake la mwaka hayazidi pauni 12,000, na mmiliki hana jengo jingine la biashara, aweza kusamehewa kodi ya biashara yote.

Hivyo nyumba mbili zinazotenganishwa na ukuta mmoja zaweza kuwa na hatima tofauti kabisa: moja hulipa maradufu, nyingine hailipi chochote kwa halmashauri. Mmiliki anayebanwa ana njia kadhaa, zikiwamo kulipa, kuuza, au kuwakaribisha watalii zaidi. Kuuza kwaweza kumrejesha mkazi wa kudumu, lakini hapo pia bei huenda ikamshinda.

Jirani Wales amechukua njia kali zaidi. Tangu Aprili 2023, nyumba huko haina budi kukodishwa siku 182 kwa mwaka ndipo ihesabiwe biashara. Wamiliki wadogo, wakiwamo wakulima waliogeuza maghala yao kuwa vyumba vya wageni, hulalamika kwamba majira ya baridi hayana wateja wa kutosha kufikisha idadi hiyo. Malalamiko yao si ya kupuuzwa, kwani utalii huajiri watu wengi katika maeneo hayo.

Kwa England, swali si kama watalii waje au wasije. Swali ni kama siku 70 za wageni zatosha kuiondoa nyumba katika orodha ya makazi. Kodi yaweza kuujaza mfuko wa halmashauri. Lakini mwenyeji wa Cornwall atayapima mafanikio yake mwezi Januari, kwa kuhesabu madirisha yenye taa.