Nairobi hadi New York: tiketi yasema saa saba, safari ni saa 15

Tuchukue mfano wa mwezi Januari. Tiketi inaonyesha ndege inaondoka Nairobi 23:25 na kutua New York 06:25 kesho yake. Kwa hesabu yetu hiyo ni saa tano na dakika 25 usiku hadi saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi, yaani saa saba tu. Lakini abiria anakaa ndani ya ndege kama saa 15. Saa nane nyingine ziko wapi?

Tiketi huandika saa ya mahali ndege ilipo. Wakati wa baridi yao, New York iko nyuma yetu kwa saa nane. Kuanzia Machi hadi mapema Novemba, wakishasogeza saa zao mbele, tofauti ni saa saba. Kwa hiyo mama aliyemsindikiza mwanawe usiku asianze kuhangaika simu ikikosa kushika alfajiri. Kijana bado yuko angani. Atatua saa nane na dakika 25 mchana kwa saa za kwetu, kisha kuna foleni ya uhamiaji.

Umbali wenyewe kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 11,800. Ndege kubwa huenda karibu kilomita 900 kwa saa, kwa hiyo ungetarajia saa 13 na kidogo. Zinazoongezeka zinatokana na upepo mkali wa juu unaovuma kutoka magharibi na kuipiga ndege usoni juu ya Atlantiki. Kurudi, upepo huohuo unasukuma, na safari hupungua kwa karibu saa nzima.

Halafu kuna siasa. Mstari huo ulionyooka unapita Sudan Kusini, pembe ya Darfur, Chad, Algeria na Morocco. Vita vilipozuka Sudan Aprili 2023, anga yake ilifungwa, na ndege zikalazimika kuzunguka. Kuzunguka ni mafuta, na mafuta hatimaye hulipwa na abiria.

Kenya Airways ilianza safari hii ya moja kwa moja Oktoba 28, 2018. Nairobi iko juu sana, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hewa nyepesi huifanya ndege iliyojaa mafuta ishindwe kubeba kila kitu. Hiyo ni sababu mojawapo, kwa maoni yangu, ya nauli hii kutokuwa rahisi.

Tiketi za kupitia Doha, Dubai au Addis Ababa mara nyingi huwa nafuu, ila wakala hutaja bei kwanza. Muulize: safari nzima ni saa ngapi, kusubiri kukiwemo? Mzigo unachukuliwa wapi? Ndege ya kwanza ikichelewa, nani anagharamia ya pili? Kama ndege hizo mbili zimekatiwa tiketi tofauti, huenda ukagharamia wewe.