PESA TUNAZOLIPA ZAINGIA DENI LIPI?



Neno tulilo nalo leo ni neno la madeni, na twajua si wengi wapendao kulisikia, khasa katikati ya mwezi. Hatukuja kumlaumu mtu kwa kukopa. Mtu wa mshahara hukopa. Karo ya shule haingoji tarehe ya mshahara, na mvua ikikosa huku Ukambani hata mwenye shamba hununua mahindi sokoni kama mtu wa mjini. Swali letu ni dogo, tena limefichika. Ukiwa na madeni mawili mahali pamoja, moja la riba ndogo na moja la riba kubwa, nawe ukatoa shilingi elfu kumi, shilingi hizo zaingia deni lipi? Na ni nani aliyeamua?

Zamani swali hili halikumsumbua mtu. Mwenye duka sokoni Machakos alikuwa na daftari lake, jina lako limeandikwa juu na vitu vyako chini yake. Ulipompa pesa ulisema, "Hizi ni za unga, za blanketi nitaleta mwisho wa mwezi," naye akachukua kalamu akafuta mstari wa unga mbele ya macho yako. Hata angefuta wa blanketi kwanza usingepata hasara, maana unga na blanketi havikuwa na riba.

Sasa tazameni kadi ya mkopo ya benki. Wenzetu kadhaa wanazo. Benki humwambia mtu: lete deni ulilo nalo kwingine, tutalinunua, nawe utatulipa sisi kwa riba nafuu. Maneno mazuri, na pengine ni ya kweli. Lakini kadi hiyo hiyo mtu huenda nayo dukani akanunua godoro na viatu vya watoto, na vitu hivyo vina riba yake nyingine, kubwa zaidi. Madeni ni mawili, kadi ni moja, na karatasi ya hesabu inayokuja kila mwezi yaonyesha jumla moja tu ya kulipa.

Na tupige hesabu, maana shule ya misheni ilitufundisha walau kujumlisha na kutoa. Tuseme mtu ana deni la kununuliwa la Sh. 60,000/- kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi, na deni la vitu vya dukani la Sh. 20,000/- kwa asilimia 4 kwa mwezi. Kila mwisho wa mwezi, riba ikisha kuongezwa, yeye hutoa Sh. 10,000/- bila kukosa, na hanunui kitu kingine.

Benki ikiziingiza pesa zake zote katika deni la riba ndogo kwanza, baada ya miezi sita amekwisha kutoa Sh. 60,000/-. Deni lile la nafuu limebaki kama Sh. 2,170/-. Lakini deni la dukani, lililokuwa Sh. 20,000/-, limefika Sh. 25,300/- na ushei. Halikuguswa hata siku moja, lilikuwa limekaa pembeni likinenepa. Atakapomaliza yote, mwezi wa tisa, riba peke yake itakuwa imemgharimu kama Sh. 9,620/-.

Pesa zile zile zikiingia deni la riba kubwa kwanza, la dukani linakwisha mwezi wa tatu. Yote yanakwisha mwezi ule ule wa tisa, na riba ni kama Sh. 4,850/-. Mtu ni yule yule, jasho ni lile lile. Tofauti ni Sh. 4,770/- na zaidi, na imetoka katika utaratibu wa kuandika tu.

Sisi wa reli tunalielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Mfanyabiashara akiletewa mabehewa mawili stesheni, moja limekwisha kupitisha muda na linatozwa ada ya kucheleweshwa kila siku, na jingine bado lina siku zake za bure, wapagazi wake watapakua lipi kwanza? Hakuna haja ya kumwuliza. Lakini kama sisi wenye stesheni ndio tungeshika funguo, tukasema lazima apakue la bure kwanza, huku lile jingine likihesabiwa siku, angepiga kelele mpaka Konza wakamsikia.

Wenzetu wa nchi nyingine walipiga kelele. Marekani ilitungwa sheria ya kadi za mkopo mwaka 2009, na tangu Februari 2010 pesa yo yote mtu anayolipa kupita kile kiwango cha chini kabisa cha mwezi lazima iingie kwanza deni lenye riba kubwa. (Kile kiwango cha chini chenyewe benki yaweza kukiweka itakako, hata ushindi una tundu lake.) Huko Uingereza kampuni nyingi za kadi zilikuwa na desturi ya kulipa deni la nafuu kwanza, mpaka serikali ilipokubaliana nazo, na tangu mwaka 2011 mwenye kadi hulipiwa deni la riba kubwa kwanza. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba mashine haziwezi kupangwa vingine. Zimepangwa vingine huko, na mabenki hayakufa.

Na hapa Kenya? Mpaka mwisho wa mwaka 1960 mikataba yetu ilifuata sheria ya mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo ilieleza wazi: mwenye deni akitaja deni analolipa, na pesa zikapokelewa, lazima ziingie deni hilo, asipotaja, mkopeshaji aweza kuchagua. Tangu tarehe 1 Januari 1961 tunafuata sheria ya mikataba yetu wenyewe, iliyojengwa juu ya sheria ya Kiingereza, na kwa jambo hili mwendo ni ule ule. Maana yake ni kwamba kinywa chako kina nguvu siku ya kulipa. Lakini ole wako ikiwa ulitia sahihi karatasi yenye maandishi madogo kama mchwa, isemayo kwamba mkopeshaji ataingiza malipo apendavyo. Hapo umekwisha kuuza kinywa chako, na wengi wetu tumekiuza bila kujua bei.

Msidhani haya ni ya wenye kadi tu. Mwenzetu mmoja alikuwa na mkopo mkubwa katika chama cha akiba na mikopo, Sacco kama tunavyoziita, na juu yake akachukua mkopo mdogo wa dharura wenye riba kubwa, mama yake alipolazwa. Alipopata pesa kidogo za likizo alikwenda ofisini akalipa, akaondoka akidhani dharura imekwisha. Baada ya miezi mitatu akaambiwa mkopo wa dharura ungalipo pamoja na faini. Pesa zake zilikuwa zimeingia mkopo mkubwa. Karani hakuiba hata senti. Aliandika pale alipozoea kuandika. Mwenzetu naye hakusema neno, wala risiti haikusema neno. Tuliisoma risiti ile sisi wenyewe chini ya mwembe: jina, tarehe, jumla, muhuri. Basi.

Kuna na hii ya simu. Tangu Januari 2019 wengi wetu tumekuwa tukitumia Fuliza. Ukiwa na deni lake, pesa zikiingia katika simu yako huanza kulilipa deni hilo kabla hujazigusa. Hapa tuseme kweli: kwa hesabu tupu utaratibu huu hautuonei, kwa kuwa deni linalohesabiwa ada kwa siku ndilo lifaalo kulipwa mapema. Ubaya wake ni kwamba hatuulizwi. Ndugu zako wakichanga pesa za kumtoa mgonjwa hospitali wakazituma kwako, simu haijui mgonjwa, yajua deni. Mwenye Fuliza asikubali kuwa mweka hazina wa mchango. Amtaje mtu mwingine.

Tukirudi kwenye mshahara, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili za mshahara. Ni kinga nzuri na tuishike. Lakini ikiwa benki, Sacco na wengine wote wamepanga mstari, na theluthi mbili hazitoshi, kuna atakayekosa, na anayekosa hukutoza faini wewe. Ni nani anayepanga mstari huo katika ofisi ya mishahara? Tumeuliza, na kila mmoja anamwonyesha mwenzake kidole.

Kwa maoni yetu chama chetu kisingoje Bunge. Katiba katika kifungu cha 46 inampa mnunuzi haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidi kile anachonunua, na mkopo ni kitu kinachonunuliwa, tena ghali. Halmashauri iziandikie Sacco na mabenki yanayokata mishahara yetu, iwaombe mambo mawili: risiti ionyeshe malipo yameingia mkopo upi na kiasi gani, na pesa za ziada anazoleta mtu mwenyewe ziingie mkopo wenye riba kubwa kwanza, isipokuwa yeye ameandika vingine. Lile la pili watalipinga, tunajua, kwa sababu ndilo lenye pesa. Lile la kwanza hawana udhuru.

Wakati huo wote, ndugu, ukienda kulipa usiseme tu "nimeleta pesa." Taja mkopo kwa jina lake, andika kwenye karatasi mbili, karani agonge muhuri kwenye yako. Ukilipa kwa simu, tumia namba ya mkopo ule ule unaoukusudia, kisha uitunze ile taarifa ya simu usiifute.

Tena twaomba kila mwenye karatasi ya hesabu ya kadi au ya Sacco inayoonyesha mikopo miwili au zaidi ailete kwa katibu wa tawi kabla ya mkutano ujao wa wanachama. Jina na namba avifunike kwa karatasi iliyobandikwa. Tunachotaka kuona ni riba na mahali pesa zilipoingia. Tukipata kumi hivi, barua ya halmashauri itakuwa na kitu cha kusimamia.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Reli, Machakos